Mzigo ukilala, kete huamka: Bao, drafti na karata katika mipaka ya Afrika Mashariki

ANAYEMTAFUTA dereva wa lori pale Namanga saa saba mchana asianzie kwenye lori. Aanzie kibandani, penye ubao wa drafti. Atamkuta ameinama, mkono mmoja kidevuni, mwingine umeshika kizibo cha soda kinachosubiri kuwa kingi. Nyaraka za mzigo ziko kwa wakala wa forodha, injini imezimwa, na kwa saa hiyo hakuna la kuharakisha.

Waliomzunguka si madereva wenzake tu. Yupo mnunuzi wa mahindi anayesubiri simu, utingo aliyeacha turubai nusu limefungwa, mbadilisha fedha mwenye noti za nchi mbili mkononi, na kijana wa bodaboda ambaye haruhusiwi kucheza mpaka zamu yake ifike. Wote wanatazama kete moja. Mtu wa pembeni akishindwa kujizuia na kusema "kula hiyo", hukemewa na meza nzima.

Hali ni hiyo hiyo Mutukula kati ya Tanzania na Uganda, Rusumo kati ya Tanzania na Rwanda, Kabanga na Kobero kuelekea Burundi, Busia na Malaba kati ya Kenya na Uganda, Sirari na Isebania, Holili na Taveta, mpaka Horohoro na Lunga Lunga ambako ubao huambatana na kahawa chungu. Mchezo hubadilika jina na kanuni, lakini kila palipo na watu wanaosubiri mzigo, watu hao watacheza kitu.

Kwa mpita njia, hao ni watu wanaopoteza muda. Kwa mfanyabiashara, kijiwe cha mchezo ni soko la pili. Bei ya vitunguu upande wa pili, barabara iliyokatika kwa mvua, lori linalorudi tupu na linatafuta mzigo, mteja aliyekimbia na deni: habari zote hizo hupita juu ya ubao kabla ya kufika popote pengine. Hapo ndipo mgeni hugeuka mwenyeji. Na hapo hapo, asipoangalia, ndipo mtaji wa miezi sita huondoka kwa dakika kumi.

Ubao mmoja, majina mengi

Mchezo unaoziunganisha nchi hizi kuliko mwingine wowote ni ule wa mashimo na kete. Pwani ya Tanzania na Kenya na visiwani huitwa bao. Uganda ni omweso, Rwanda ni igisoro, Burundi ni ikibuguzo. Yote ina mistari minne ya mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Namanga mfanyabiashara anaweza pia kuwakuta Wamaasai wakicheza enkeshui, na akishuka kuelekea Ziwa Victoria upande wa Kenya atakutana na ajua ya Wajaluo. Huo ni ukoo mmoja.

Historia yake si ya vijiweni peke yake. Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka 1840, alitunga shairi lenye mfano wa bao. Omweso ulichezwa katika kasri la Kabaka wa Buganda. Mwalimu Julius Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, na alilicheza na wazee na majirani kijijini kwake Butiama. Anayeinama leo kwenye ubao pale Mutukula amekaa mahali walipokaa watawala na malenga.

Hata hivyo, kufanana kwa mbao kumewaumbua wengi. Fundi wa bao kutoka Tanga akiketi mbele ya ubao wa Kampala hudhani amefika nyumbani. Kwao, mchezo huanza kwa kunamua: kila mchezaji huweka kete 10 ubaoni na kubaki na 22 mkononi, ambazo huziingiza moja moja kila zamu. Ana nyumba, shimo lililotengwa ambamo hulimbikiza kete kama akiba. Kwenye omweso hakuna kunamua wala hakuna nyumba. Kete zote 32 za mchezaji huwa ubaoni tangu mwanzo.

Tofauti kubwa zaidi iko kwenye kula. Katika bao, kete ya mwisho ikiangukia kwenye shimo lenye kete mstari wa mbele, na shimo la mpinzani linalotazamana nalo likawa na kitu, mchezaji huzichukua kete za shimo hilo moja. Katika omweso, ili kula ni lazima mashimo yote mawili ya mpinzani katika safu hiyo yawe na kete, la mbele na la nyuma, na yote mawili huzolewa. Fundi wa Tanga aliyezoea kuficha mali nyuma hugundua kwamba akiba aliyodhani iko salama ndiyo inayomfungulia mlango mpinzani.

Jambo moja halibadiliki toka ubao mmoja hadi mwingine: kete zinazoliwa hazitoki ubaoni. Aliyekula huzipanda upande wake na kuendelea nazo. Kete ni 64 mwanzo na ni 64 mwisho. Kinachobadilika ni ziko kwa nani. Wafanyabiashara hulielewa hilo bila kufundishwa.

Tena lugha ya bao ni lugha yao. Mchezaji mwenye nafasi ya kula husemwa ana mtaji. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu imelala. Mwenye mstari wa mbele mtupu hana tena cha kuchezea, hata kama nyuma kumejaa, na mchezo umemwishia. Muuza mchele ambaye mali yake yote imekwama ghalani na mkononi hana hata nauli anaijua hali hiyo vizuri.

Karata na kopa za Mreno

Karata zina historia yake. Wareno walifika pwani hii mwaka 1498, na waliacha maneno yanayotamkwa mpaka leo na watu wasiojua Kireno hata kidogo. Karata yenyewe, kopa, shupaza, uru, pau na turufu, yote yametoka huko. Mzee wa Mombasa, Tanga au Unguja hahitaji kuelezwa. Mgeni kutoka Kigali au Mbarara huhitaji dakika chache.

Mchezo wa wazee wa pwani ni wahedi wa sitini, yaani sitini na moja. Hesabu yake ni ya kibiashara kabisa. Ree, ile karata yenye alama moja, ina pointi 11. Seti, yaani saba, ina 10. Karata zenye picha huitwa wazungu: mfalme ni mzungu wa nne, mwanamume wa chini yake ni mzungu wa tatu, na malkia ni mzungu wa pili, kila mmoja kwa pointi zinazotajwa na jina lake. Ukijumlisha, kila rangi ina pointi 30, na rangi nne zina 120. Anayefika 61 amepita nusu, ameshinda. Mwenye 60 hajashinda, hata kama alikuwa na karata nzuri mkononi.

Vijana wa mipakani wana mchezo mwingine, ule wa kumaliza karata za mkononi. Tanzania wengi huuita lasti kadi. Kenya ni kadi tu, na aliyebakiwa na zamu ya kumalizia lazima atangaze mapema: "Niko kadi." Akisahau kusema, ushindi unampita. Uganda mchezo wa jamii hiyo huitwa matatu, jambo ambalo humchanganya Mkenya anayealikwa Busia "kwenye matatu" akasimama kutafuta gari.

Kanuni nazo hupishana. Mbili humlazimisha anayefuata kuokota karata mbili pande zote za mpaka. Lakini Mkenya akiweka nane ameuliza swali, na lazima lijibiwe. Mganda akiweka nane amemruka mwenzake. Mganda ana pia saba ya kukata: mwenye saba ya rangi iliyowekwa chini mwanzoni anaweza kuusimamisha mchezo ghafla, karata za kila mmoja zikahesabiwa, na mwenye pointi chache akaondoka na ushindi. Mgeni aliyekuwa akikusanya karata kubwa kwa mipango ya baadaye hukuta mipango imekwisha.

Kanuni kabla ya kete

Ndiyo maana vijiwe vyenye watu wa nchi mbili au tatu vina desturi isiyoandikwa: kanuni hutajwa kabla ya kete ya kwanza kusogea. Kwenye drafti maswali ni machache. Kingi anaruka mbali au anatembea hatua moja? Kete ya kawaida inaweza kula kwa kurudi nyuma? Asiyeona nafasi ya kula anaadhibiwaje? Ubao ni wa vyumba 64 wenye kete 12 kwa kila mtu, au ni ule wa kimataifa wa vyumba 100 na kete 20? Majibu ya maswali hayo hayafanani toka mji mmoja hadi mwingine, na kila mmoja huamini drafti ya kwao ndiyo drafti.

Asiyeuliza mwanzo hugombana mwisho. Anayeuliza mwanzo hushindwa kwa heshima. Kijiwe chenye wazee huongeza kanuni nyingine tatu: kete iliyoguswa imechezwa, mtazamaji hashauri, na aliyeshindwa anapisha, hata kama ndiye mwenye ubao.

Chukua mfano wa mnunuzi wa maharage kutoka Moshi anayefika Mutukula kwa mara ya kwanza. Mezani anamwita aliyemzidi umri mzee, na mwenye ubao anamsalimia kwa shikamoo. Upande wa pili anajifunza kumwita mwenye umri wa baba yake ssebo na mwanamke nnyabo. Kwa siku mbili anashindwa omweso na watu wote, pamoja na mtoto wa mwenye kibanda. Siku ya tatu anashinda mara moja, na meza inacheka kwa furaha kuliko yeye. Siku ya nne mmoja wa wale waliomfunga anamwambia bila kuulizwa kwamba bei ya maharage aliyotajiwa gulioni ni ya mgeni, na kwamba asubiri siku ya mnada.

Pesa aliyookoa hapo haikutokana na ufundi wa kete. Ilitokana na kukubali kufungwa mbele za watu bila kununa. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Vijiweni huongeza kwamba si mtu wa kumkopesha pia.

Mchezo kama kioo

Biashara ndogo ya mipakani huendeshwa kwa imani. Mali kauli, yaani kuchukua bidhaa leo kwa ahadi ya kulipa baada ya kuuza, ndiyo huwawezesha wengi kuvuka na mzigo mkubwa kuliko mfuko wao. Lakini anayetoa mali kauli kwa mtu wa nchi nyingine hana mjumbe wa mtaa wa kumwendea wala ndugu wa mkopaji wa kuwauliza. Anachokuwa nacho mara nyingi ni alichokiona mezani.

Mezani huonekana mengi. Yupo anayerudisha kete akidhani hakuna anayemwona. Yupo anayeshinda akatukana, na anayeshindwa akatupa ubao. Yupo anayecheza haraka kwa sababu hawezi kuvumilia kufikiri, na yupo anayemsubiri mwenzake akosee badala ya kucheza mchezo wake. Yupo pia anayesema mwenyewe, "Hapana, hiyo ulikuwa umenila, sikuona," akaitoa kete yake. Mwenye duka akimwona mtu wa namna hiyo mara tatu, nne, humkumbuka.

Hata hivyo, kioo hicho huonyesha sura tu. Mchezaji mwaminifu anaweza kuwa mlipaji mbovu kwa sababu ana watoto sita na mzigo umeoza. Fundi wa drafti anaweza kuona hatua nane mbele ubaoni, lakini dukani asione hata mwezi ujao. Kwa hiyo urafiki wa mezani uwe mwanzo wa kumfahamu mtu, usiwe dhamana. Anayetoa mali kauli kwa mwenzake wa bao aandike kiasi, tarehe na namba ya kitambulisho, wote wawili watie saini, na kila mmoja abaki na nakala. Mali bila daftari huisha bila habari, na urafiki huisha nayo.

Habari za kijiweni nazo zina kiwango chake cha kuaminika. Za barabara, mvua na bei kwa kawaida ni nzuri, kwa kuwa wanaozisema wametoka huko asubuhi. Za ushuru na vibali si za kubeba bila kuthibitisha. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mfano, upo utaratibu wa Cheti Rahisi cha Uasili kwa mzigo wa thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, kwa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama na zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa. Mwenye cheti hicho halipi ushuru wa forodha wa bidhaa hizo, ingawa tozo na kodi nyingine zinaweza kubaki, na masharti ya afya ya mimea na mifugo hayaondoki. Kijiweni maelezo hayo hufupishwa kuwa "chini ya dola elfu mbili hakuna kulipa", na wapo wanaofika dirishani na nusu ya habari hiyo. Dirisha la forodha ndilo lenye jibu la mwisho, na kuuliza ni bure.

Soda isigeuke mtaji

Dau la kawaida la kijiwe ni soda, kikombe cha kahawa na kashata, au chapati mbili. Aliyefungwa mara tatu hununua, na mara nyingi hununulia meza nzima, akiwamo aliyemfunga. Dau la namna hiyo hulainisha mchezo, halimvunji mtu.

Hatari huanza pale noti inapowekwa chini ya ubao. Ya kwanza ni ya sheria. Michezo ya kubahatisha kwa fedha huhitaji leseni. Tanzania inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha kwa sheria ya mwaka 2003, na Uganda ina bodi yake na sheria yake ya mwaka 2016. Meza ya karata yenye fedha haina leseni. Polisi wakija, mgeni mwenye hati ya kusafiria ya nchi nyingine na pesa ya mzigo mfukoni ndiye atakayepata shida zaidi ya wenyeji.

Ya pili ni ya hesabu. Pesa ya mzigo haina mwenyewe mmoja: ndani yake kuna ya mwenye mali kauli, ya kikundi cha kukopeshana, ya nauli ya kurudi na ya ada ya shule. Anayeweka noti moja kujaribu kurudisha noti iliyopotea anacheza na fedha za watu ambao hawapo mezani kukataa.

Ya tatu si mchezo kabisa, ingawa hujivika nguo za mchezo. Tanzania huitwa karata tatu. Kenya, pata potea. Hupatikana kwenye stendi za mabasi na njia za kuelekea mpakani, mahali penye wageni wenye mizigo. Kijana hukunja boksi likawa meza, akaonyesha karata tatu, moja ikiwa na picha. Anazilaza, anazizungusha, anauliza picha iko wapi. Mtu wa kwanza anaweka pesa, anapata maradufu. Wa pili anapata. Mwanamke mwenye mkoba anapata pia, anacheka, anaondoka. Wote hao ni wa kundi moja.

Ujanja wake uko mkononi. Anayezilaza hushika karata mbili kwa mkono mmoja, ya juu na ya chini, na macho ya mtazamaji huamini kwamba inayotangulia kuanguka ni ya chini. Anapotaka, huiachia ya juu. Kuanzia hapo, anayefuatilia kwa makini zaidi ndiye anayefuatilia karata isiyo yenyewe. Mgeni akikaribia kushinda kwa bahati, mmoja wa kundi huweka dau kubwa kuliko lake, au mwingine hupiga kelele "polisi!", na meza hukunjwa pamoja na pesa yake. Wakati huo huo kuna mkono mwingine nyuma unaopima uzito wa begi. Kinga ni moja tu: kutosimama. Aliyesimama kutazama amekwisha kuchaguliwa.

Kijiwe cha kweli hutambulika kwa alama zake. Kina mwenye ubao anayejulikana kwa jina, wazee wasiocheza wanaokaa tu, na mchezo unaochukua nusu saa. Wahalifu hawana nusu saa.

Afisa anapoketi mezani

Lipo jambo lisilozungumzwa sana. Jioni, kazi ikiisha, afisa wa forodha au wa uhamiaji naye ni binadamu anayependa drafti. Kuketi meza moja na wafanyabiashara si kosa, na mara nyingi humsaidia kuwafahamu watu anaowahudumia. Lakini meza hiyo ina mitego yake.

Mfanyabiashara anayefungwa makusudi na afisa, tena kwa dau la fedha, hajapoteza mchezo. Ametoa hongo kwa njia ya kete. Kesho yake dirishani, anayesubiri nyuma yake kwenye foleni ataona mzigo wa mshiriki wa drafti unapita kwanza, na hataamini kwamba nyaraka zake ndizo zilizokuwa sawa. Anayempenda rafiki yake afisa humlinda kwa kanuni mbili: mezani hakuna fedha, na dirishani hakuna bao. Mzigo usitajwe mezani, wala mchezo wa jana usitajwe dirishani.

Meza isiyo na viti vya wanawake

Sehemu kubwa ya wanaovuka mipaka hii na mizigo midogo ni wanawake: wa nyanya, vitenge, samaki wakavu, mitumba na ndizi. Lakini vijiwe vya bao na drafti kwa desturi ni vya wanaume. Mwanamke hupita, husalimia, huuza chai hapo. Kuketi na kucheza ni jambo jingine. Matokeo yake si kukosa burudani tu. Kama bei halisi, lori linalorudi tupu na jina la mnunuzi mbaya husemwa kwenye ubao, asiyeketi kwenye ubao hununua habari hizo kwa hasara.

Wengi wamejitengenezea meza zao bila kuziita meza. Kwenye nyumba za wageni wanakolala wanane chumba kimoja, ludo hufunguliwa juu ya godoro, na karata huchezwa kwa wawili wawili. Ludo ina faida ya kuwa na kanuni zinazofahamika karibu sawa kila mahali, na huchezwa na wanne, kwa hiyo Mrundi, Mganda, Mkenya na Mtanzania hutosha ubao mmoja. Kati ya namba sita moja na nyingine, hupangwa nani atangulie sokoni, nani akodi gari pamoja na nani, na mpakuzi yupi anaiba kilo.

Kikundi kinachocheza pamoja hivyo huwa na kitu ambacho warsha za siku mbili hazikipi: watu wamekwisha kuonana wakikasirika, wakidanganya kidogo na wakisamehe. Mmoja akiugua upande wa pili wa mpaka, wapo wa kumuuzia mzigo na kumtumia fedha. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Naye mwenye ubao kijiweni anayemkaribisha mama wa vitenge kucheza, badala ya kumngoja alete chai tu, anaongeza mtu mwenye habari za masoko ambayo wanaume wa meza hiyo hawajawahi kuyafika.

Foleni ikifupika

Vituo vya huduma kwa pamoja vimebadilisha mambo. Rusumo kilizinduliwa Aprili 2016, Mutukula Novemba 2017, Busia Februari 2018 na Namanga Desemba 2018. Badala ya kukaguliwa mara mbili, msafiri na mzigo hupita moja kwa moja hadi upande wanaoingia, na maofisa wa nchi zote mbili huwahudumia katika eneo moja. Mambo yakienda sawa, dereva hapati muda wa kumaliza hata raundi moja ya bao.

Hiyo ni habari njema, na hakuna anayetaka foleni irudi ili drafti inoge. Lakini mtu anayevuka kwa dakika chache huvuka bila kumjua yeyote. Mihuri miwili hupatikana dirisha moja. Mtu wa kumpigia simu usiku, lori likiharibika kilomita 40 baada ya mpaka, hapatikani dirishani.

Kwa hiyo wanaolijua hilo wamehamisha mchezo. Haupo tena sana kwenye foleni. Umehamia jioni, mzigo ukiwa umeshafika ghalani, kwenye baraza ya nyumba ya wageni au nyuma ya duka la mshirika. Masharti yake yanajulikana na hayana gharama: pesa ya mzigo imefungiwa mbali, dau ni kahawa, kanuni zimetajwa kabla ya kuanza, na kiasi cha mtaji wala njia ya safari ya kesho havitajwi mbele ya mgeni.

Mengine hupangwa na ubao. Mtanzania anamfundisha Mnyarwanda kunamua, Mnyarwanda anamfundisha igisoro, wote wawili wanafungwa na Mganda. Kahawa inaletwa, aliyefungwa analipa. Asubuhi kila mmoja anafungua duka upande wake wa mpaka, na katika simu ana namba ya mtu ambaye jana alikuwa na nafasi ya kumdanganya, na hakuitumia.